Nguo Zilizotangulia

Milimani Usambara
14 Februari 1912

Dada yangu Loisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto wako wawili na mama mkwe wako. Mimi sijambo. Baridi ya huku ni kali, lakini huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuhudumia wagonjwa wa akili katika nyumba hii, nimeshaizoea.

Mumeo amefika. Aliletwa Jumanne na askari wawili, mnyororo shingoni. Walisafiri siku kumi na moja: gari la moshi kutoka Gulwe hadi Dar es Salaam, meli hadi Tanga, gari la moshi tena, kisha kupanda mlima kwa miguu. Nilikuwa mlangoni. Hakunitambua.

Bwana daktari aliamuru mnyororo ufunguliwe palepale. Askari mmoja akasema, "Bwana, huyu alikata waya wa simu wa Serikali kwa panga, anasema ulikuwa unamsengenya. Ukimfungua, shauri yako." Daktari akajibu kwamba ndiyo, shauri ni lake. Matonya akakaa chini akala ugali sahani mbili. Tangu hapo hajampiga mtu. Analala kidogo, anasema peke yake, lakini akipewa jembe analima.

Jambo moja la utaratibu. Kila anayeingia hapa huvuliwa nguo alizokuja nazo, huogeshwa, akapewa kanzu ya buluu ya nyumba. Nguo zake hurudishwa kwa ndugu zisipotee. Za Matonya nimezifunga mwenyewe: mgolole wake mwekundu wa kujifunga begani, mkanda wa shanga na viatu vya ngozi. Nimempa mtu wa reli anayerudi upande wa Gulwe. Barua inafuata kwa posta. Ukiona mzigo, usishtuke.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Petro


Mpwapwa
30 Mei 1912

Mdogo wangu Petro,

Marahaba. Sisi hatujambo kwa afya. Watoto wazima, mama mkwe anakohoa. Mvua ilikuwa chache, uwele umetoka nusu.

Barua yako nimeisoma juzi. Barua zetu zote hupitia kwa Mwalimu Bartolomayo, naye alikuwa safarini tangu Februari, mfuko umefungwa nyumbani kwake. Mzigo ulifika tarehe tatu ya Machi.

Uliupokea wewe mzigo wa namna hiyo lini mara ya mwisho? Umekaa na Wazungu mpaka umesahau. Kwetu nguo zikirudi bila mwenyewe, zimeleta habari. Shemeji yako Sila, mdogo wa Matonya, ndiye aliyepewa pale stesheni, alikokuwa amepeleka mbuzi. Akamuuliza yule mtu, "Na mwenyewe?" Akajibiwa, "Mimi nimepewa nguo tu." Sila alitembea kutoka Gulwe mpaka nyumbani na mzigo ule kichwani, hakupiga hodi. Mama mkwe alipomwona kwa mbali, akaanza kulia.

Walifanya kama inavyofanywa kwa aliyefia mbali. Walifunga majani makavu yakawa urefu wake, wakayavika mgolole, mkanda kiunoni, viatu miguuni. Wakamlaza kwenye shimo zizini, ubavu wa kulia, wakamfukia. Upinde wake ulivunjwa. Mimi nilinyolewa. Ng'ombe waligawanywa. Mwisho wa Aprili Sila akaingia nyumbani kwangu kama desturi ilivyo. Unaelewa, sina haja ya kuandika zaidi.

Nilipowasomea wazee barua yako, Sila aliniuliza, "Shemeji," maana bado anasahau na kuniita hivyo, "karatasi hiyo wewe mwenyewe hukuiandika?" Nikamwambia huo ni mwandiko wako. Mzee mmoja akasema, "Petro aliandika mtu yu hai, na Petro huyohuyo akatuma nguo. Tushike lipi?"

Nami nakuuliza hivyo. Yu hai?

Dada yako,
Loisi


Milimani Usambara
8 Julai 1912

Dada Loisi,

Shikamoo. Habari za kikohozi cha mama? Mimi mzima wa mwili.

Yu hai. Nimeandika neno hili kwanza ili Mwalimu Bartolomayo aweze kuwasomea wazee hata kama hawatasikiliza mengine. Kosa ni langu. Nimefunga mizigo ya watu wengi katika nyumba hii, na sikuwahi kujiuliza kila mzigo unaingiaje kijijini.

Matonya amepona. Sisemi kwa kukufariji. Analala usiku kucha tangu Mei. Nilimuuliza juu ya ule waya wa simu, akacheka kwa haya, akasema, "Petro, unafikiri ule waya ungekuwa na muda wa kunisengenya mimi?" Anawataja watoto kwa majina. Anakutaja wewe. Bwana daktari ameandika cheti cha ruhusa, ataondoka tarehe kumi na mbili ya Agosti.

Sikumwambia habari ya mazishi. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananionyesha mchicha alioupanda.

Waambie watu kabla hajafika. Ng'ombe watarudishwa, na la Sila litazungumzwa. Yeye aonekane tu, wamshike mkono, waone una joto.

Mdogo wako,
Petro


Mpwapwa
19 Septemba 1912

Mdogo wangu Petro,

Marahaba. Mimi ni mzima na nina mimba. Mama mkwe hatoki tena nje.

Alifika tarehe ishirini na tisa ya Agosti, saa nne asubuhi, kwa miguu kutoka Gulwe. Nitakuandikia nilivyoona, kwa mpango.

Watu walikuwa wameambiwa. Walimsubiri wamesimama. Alipofika kwenye uwanja alisalimia, mbukwenyi, kama mtu anayefika kwake. Hakuna aliyeitikia. Hawakuwa wakali, Petro, ungeona. Walikuwa na adabu sana. Mzee mmoja alikuja na kibuyu cha pombe, akaimimina chini mbele ya miguu yake, akasema kwa sauti ya upole ile tunayotumia makaburini, "Tumekupa. Kunywa. Usiguse watoto." Akarudi nyuma bila kumgeuzia mgongo.

Matonya alimtazama kila mmoja. Akacheka, akasema, "Jamani, mnamwaga pombe nzuri hivi?" Hakuna aliyecheka.

Alikaa siku tisa. Chakula aliwekewa chini mbali, kwenye kigae, bila chumvi. Aliyekuwa anapita njia akimwona anatoka njiani na kutazama pembeni. Nilimwambia Sila huyu ni kaka yako, ana jasho, anajikuna. Sila akasema, "Namwona. Sikatai kwamba namwona."

Siku ya nne aliniuliza, "Loisi, nilizikwa wapi?" Nilimwonyesha. Sikujua la kufanya jingine. Tangu hapo akawa anakaa pale zizini. Ng'ombe walimpita huku na huku kama wanavyopita mti.

Siku ya tisa akachukua jembe. Alisema, "Nitatoa nguo zangu, nizivae, mambo yaishe." Lilikuwa wazo zuri, hata wazee walikuja kuangalia. Alichimba mwenyewe. Kina cha mkono mmoja akafika.

Mchwa walikuwa wameingia. Walikula majani yote na nguo yote, na kila walipokula walijaza udongo wao, ule mwekundu mgumu. Petro, alikuwepo mtu ndani. Mtu wa udongo, amelala ubavu wa kulia, kichwa, mabega, nyonga, magoti yamekunjwa kidogo. Mkanda wa shanga kiunoni mwake, mzima. Mwanamke mmoja akaanguka. Mimi najua kazi ya mchwa, nimeiona kwenye mikeka na milango. Lakini nilitazama ule mgongo, nao ulikuwa mgongo wake.

Matonya alishuka shimoni. Akaweka kiganja kwenye bega la yule mtu, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akatoka, akajipangusa magoti, akawaambia wazee, "Kweli. Ni mimi. Mnisamehe." Akachukua cheti chake cha daktari akaelekea Gulwe. Hakuniaga.

Wamemfukia tena. Sila ameweka jiwe juu.

Dada yako,
Loisi


Milimani Usambara
2 Novemba 1912

Dada Loisi,

Shikamoo. Nakuombea nguvu kwa hali uliyo nayo. Mpe pole mama.

Amerudi hapa. Nilimkuta getini asubuhi ya tarehe nne Oktoba, amekaa, hana mzigo. Bwana daktari alimuuliza kwa nini amerudi, naye akasema huku kuna kitanda. Daktari akaandika, "Ugonjwa umerudia."

Kwa kuwa umeniandikia kwa mpango, nami nitafanya hivyo. Mwaka huu waliruhusiwa watu kumi na mmoja wakiwa wamepona. Sita wamerudi. Daktari anafikiri ni pombe, au mbalamwezi, au uvivu. Mimi niliwauliza wenyewe. Mwantum, mama wa makamo, anasema kaka zake walimfunga kamba kila jioni, kwa tahadhari tu, ingawa hakufanya kitu. Akaona ni afadhali arudi mahali asipofungwa. Mustapha, kijana wa Busi kule Kondoa, aliniambia, "Nyumbani hakuna anayebishana nami. Nikisema jua leo ni jeusi, mama anasema ndiyo mwanangu. Hapa nikisema hivyo, Petro, wewe unaniambia pumbavu, kaa ule." Wengine ni vivyo hivyo. Sijapata hata mmoja aliyetaja pombe.

Mumeo hapigi, haongei peke yake, analima kuliko mfanyakazi yeyote wa mshahara. Lakini kila asubuhi tunaita majina, na nikiita "Matonya!" anajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa mwenzake habari: "Hayupo. Alizikwa Mpwapwa." Kisha anachukua jembe lake.

Mwanzoni wenzake walicheka. Sasa hawacheki. Mezani wanaacha nafasi pande zake zote mbili. Jumatatu iliyopita niliita majina, watu wawili wengine wakajibu "Hayupo," nao hawajawahi kufika Mpwapwa. Jana walikuwa wanne. Nilihesabu vichwa, wote walikuwepo, nikaandika wapo.

Daktari hataruhusu mtu anayesema amekufa. Na hata akimruhusu, atakwenda wapi? Nina wazo. Dodoma stesheni imekuwa mji, kuna maduka ya Wahindi, kuna kazi ya reli, watu wametoka kila upande na hakuna anayemjua mwenzake. Wewe na watoto mngemfuata huko. Hakuna atakayejua kwamba alizikwa.

Fikiri.

Mdogo wako,
Petro


Mpwapwa
20 Desemba 1912

Mdogo wangu Petro,

Marahaba. Mimi mzito, miguu imevimba. Mvua imeanza vizuri. Mama mkwe anakunywa uji tu, na sauti yake imekuwa ndogo.

Dodoma, hapana. Unasema hakuna atakayemjua. Matonya amekosa mtu wa kumjua hapa kwao, na wewe dawa yako ni kumpeleka mahali ambapo wote hawamjui. Angejibu "hayupo" hukohuko, tena asingekuwepo wa kumbishia.

Nilikwenda kwa wazee mwenyewe. Niliwaambia, "Mnajua kuzika. Hamjui kuzikua?" Mmoja akasema, "Huyu mwanamke wa misheni ana mdomo." Lakini wakakaa siku mbili wakizungumza, na siku ya tatu wakaniita.

Wanasema aliyezikwa hazikuliwi. Amelala pale na tumemwona. Lakini mtu anaweza kuzaliwa. Iliwahi kufanywa zamani za njaa, kwa mtu aliyerudi kutoka pwani baada ya kuliliwa. Inatakiwa mama aliyemzaa awe hai, na akubali kumzaa tena. Mama mkwe wakamuuliza. Akasema, "Mleteni upesi. Sina nguvu za kusubiri."

Kuna la pili. Anayezaliwa ni mtoto mpya. Hana ng'ombe, hana jina la kale, hana mke. Atakuwa mdogo wa Sila, kitinda mimba wa nyumba hii. Na mimi lazima nisimame mbele ya watu niseme kwamba mume wangu ni yule aliye zizini, na huyu sijawahi kumjua. Nisiposema, au nikisema na baadaye nikamwendea, kuzaliwa kunaharibika, naye anarudi kuwa wa udongo.

Mwalimu Bartolomayo anasema ni upagani na Mungu hakumzika mtu. Nikamwambia, "Basi Mwalimu, wewe mpokee kwako, kaa naye meza moja." Akasema mkewe anaogopa.

Nakuuliza wewe kwa sababu unawaona hao wanaorudi. Nisiposema, atakuwaje? Nijibu bila huruma. Na ujibu haraka, mama mkwe hatafika masika.

Dada yako,
Loisi


Milimani Usambara
16 Januari 1913

Dada Loisi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka.

Usiposema, atakaa hapa. Daktari atamruhusu tena siku moja kwa sababu vitanda ni vichache, naye atarudi tena. Nimewaona wa namna hiyo. Kila wanaporudi wanakuwa wamepungua kidogo, mpaka inabaki kazi ya kula na kulima. Mmoja yuko hapa tangu nyumba ilipofunguliwa; hakuna anayekumbuka anatoka wapi, na yeye hasemi. Hilo ndilo jibu. Sitakuambia useme nini.

Nilimweleza daktari desturi hiyo yote. Alisikiliza, akauliza mara mbili habari za mchwa, akaandika. Kisha akasema, "Wakimzaa, nitamfuta daftarini. Wasipomzaa, kitanda chake ni kilekile."

Nilimwambia Matonya pia. Sikuficha la mke. Alichukua jembe akalima mpaka giza. Asubuhi iliyofuata nikaita jina lake. Akasema, "Bado." Wale wanne wakamgeukia, kisha mmoja baada ya mwingine wakajibu kwamba wapo.

Anaondoka leo, pamoja na barua hii, mkononi mwake. Amevaa kanzu ya buluu. Nguo nyingine hana.

Mdogo wako,
Petro


Mpwapwa
6 Aprili 1913

Mdogo wangu Petro,

Marahaba. Sisi wazima. Nilijifungua tarehe tisa ya Februari, mtoto wa kike, tumemwita Ruthu. Nilikaa ndani muda wangu, ndiyo sababu sikuandika. Najua ulisubiri.

Alifika mwisho wa Januari. Walimzuia nje ya kijiji, wakaniletea barua yako, wakamvua ile kanzu, wakaichoma. Alikaa porini siku mbili bila kusema na mtu. Siku ya tatu waliniita.

Nilisimama uwanjani na tumbo langu. Waliokuwepo walikuwa kama mia. Yeye alikuwa amejikunyata nyuma ya ua, nilimwona kisigino. Nikasema, "Mume wangu Matonya alikufa. Amelala zizini. Huyu sijawahi kumjua." Walitaka niseme mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya tatu ilitoka kama mtu anayetaja bei, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Hakuna anayezaliwa kwa kupita mlangoni. Walitoboa dari la udongo la tembe juu ya kitanda cha mama mkwe, wakamshusha kwa kamba za ngozi, uchi, amepakwa samli, amekunja magoti. Wanawake walimpokea wakamlaza kati ya miguu ya mama. Mle ndani kulikuwa giza, tundu lile tu likitoa mwanga, na vumbi la dari likishuka. Mama mkwe alilia kama mzazi. Sio kuigiza. Mimi nilijifungua siku chache baadaye, naijua sauti ile.

Halafu kimya. Mtoto anatakiwa alie, naye hakulia. Tulisubiri. Mkunga akampiga makofi mgongoni. Alikuwa wa baridi, Petro, nilimgusa mguu. Nilifikiri tumeshusha maiti. Mama mkwe akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mpige tena, ni mvivu, hata mara ya kwanza alichelewa." Mkunga akampiga. Akalia. Alilia kwa sauti ya mtoto kweli, nyembamba, mpaka mbwa wakajibu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Jamani, kazaliwa na ndevu!" Mwingine akamwambia mama, "Kichwa hiki, ulikuwa unakula nini?" Mama alicheka mpaka akakohoa damu.

Alikaa ndani siku saba, akinyweshwa maziwa kwa kibuyu kidogo. Mama alimpa jina. Sitaliandika; Ruthu ni jina la misheni, lakini jina la nyumbani la mtoto haliandikwi kabla hajaota meno, na wazee wanashikilia hata kwa huyu, ingawa meno anayo yote. Mama alifariki siku ya tisa. Yeye na Sila ndio waliomzika.

Utataka kujua kama atarudi huko. Siwezi kuapa. Analala kwa wanaume. Anachunga. Mwezi uliopita aligombana na Sila juu ya mbuzi aliyevunjika mguu, wakashikana, wakaangushana kwenye matope, na watu waliwatazama wakawashangilia. Hakuna anayemwaga pombe. Siku hizi wanamnyima.

Mwambie bwana daktari afute jina. Na wewe usiliandike tena katika barua zako.

Sijui kama hanikumbuki. Nimemtazama sana, sipati. Watoto wangu wanamwita baba mdogo, naye anaitika. Jana jioni alikuja na kuni. Nilikuwa ndani, namnyonyesha Ruthu. Alisimama nje ya mlango mpaka nilipomkaribisha, kwa sababu ni nyumba ya kaka yake. Nikampa ugali na mlenda. Alikula karibu na mlango, akanawa, akasema, "Asante, mke wa kaka." Akaenda.

Dada yako,
Loisi